Kiini, Ukuta na Jiko: Uhakiki wa Istilahi za Seli kwa Kuzingatia Darasa la Kakuma

Mjadala juu ya istilahi za sayansi kwa Kiswahili umezoea kugawanyika pande mbili. Upande mmoja hudai kwamba maneno yatoholewe kutoka lugha za Ulaya, ili mwanafunzi asipotee aendeleapo na masomo. Upande wa pili hushikilia kwamba kila dhana itafutiwe neno la Kibantu, au walau neno lililokwisha kuzoeleka. Pande zote mbili hupima istilahi kwa asili yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Swali la kwanza liwe hili: je, neno linamjengea mwanafunzi picha gani ya kazi ya kitu kinachotajwa? Istilahi za seli na oganeli zake zinafaa sana kwa uchunguzi huu, kwa kuwa vitu vyenyewe havionekani kwa macho matupu. Mwanafunzi hana cha kutegemea ila jina na mchoro.

Mahali palipochaguliwa kuzipimia istilahi hizi ni Kakuma, katika Kaunti ya Turkana. Tangu kambi ya wakimbizi ilipoanzishwa huko mwaka 1992, watoto wa Kiturkana wamekuwa jirani na watoto waliotoka Sudan, Somalia, Ethiopia, Burundi na Kongo. Sayansi katika shule za sekondari za Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, mwalimu anapotaka kufafanua jambo gumu kwa Mturkana na Mkongo kwa pamoja, Kiswahili ni miongoni mwa lugha chache zinazoweza kuwafikia wote wawili. Hapo istilahi hujaribiwa kikweli, maana kosa la neno huwa kosa la maarifa.

Tuanze na neno "seli" lenyewe. Mwanafunzi wa Kenya amekwisha kulisikia katika habari za polisi na mahabusu. Wako watakaosema kwamba huo ni upungufu wa Kiswahili, lakini historia haiwaungi mkono. Robert Hooke alipochunguza kipande cha gome kwa hadubini na kuchapisha matokeo yake mwaka 1665, alivipa vijumba alivyoviona jina lenye asili ya Kilatini na maana ya chumba kidogo. Alichokiona kilikuwa kuta za seli zilizokwisha kufa. Uhai wenyewe haukuwamo. Kwa hiyo hata katika Kiingereza jina hilo lilizaliwa na picha pungufu, na ni mafundisho ya baadaye yaliyolisahihisha.

Neno "kiini" linahitaji uangalifu zaidi. Kwa upande mmoja ni istilahi nzuri mno. Jina la Kilatini alilolitumia Robert Brown katika miaka ya 1830 lina maana ya kokwa au kiini cha tunda, nalo neno la Kiswahili linalingana nalo barabara. Lakini kiini ambacho mwanafunzi anakijua zaidi ni kiini cha yai, na hapa ndipo mtego ulipo. Akiambiwa kwamba seli ina kiini katikati na ute pembeni, atalifananisha yai zima na seli: sehemu ya njano iwe kiini, na ute mweupe uwe sitoplazimu. Mfano huo unavutia, nao si sahihi. Katika yai la kuku lisilorutubishwa, ile sehemu ya njano yote ndiyo seli moja, iliyojaa akiba ya chakula. Kiini chake cha kibiolojia kimo katika doa dogo jeupe juu yake. Ute mweupe uko nje ya seli kabisa. Anayeufuata mfano huu ataamini kwamba kazi ya kiini ni kuhifadhi chakula, hali kazi yake ni kutunza maagizo ya urithi na kuongoza shughuli za seli. Dawa si kulitupa neno "kiini". Dawa ni kulifundisha pamoja na tahadhari yake, na kuliacha "ute" lisitumike badala ya "sitoplazimu".

Jozi ya "ukuta" na "utando" ina tatizo la namna nyingine. Ukuta katika lugha ya kila siku huzuia. Utando, kama ule unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa, ni kitu dhaifu kisichozuia chochote. Katika seli ya mmea mambo ni kinyume. Ukuta wa selulosi huipa seli umbo na uimara, lakini huyapitisha maji na chumvi zilizoyeyuka. Utando mwembamba ulio ndani yake ndio bawabu anayechagua kipi kiingie na kipi kitoke. Seli ya mnyama haina ukuta, bali ina utando. Mwanafunzi asipoelezwa hayo hataelewa kwa nini jani hunyauka vakuoli zikipungukiwa maji, ingawa kuta zimesimama vilevile.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, hutokana na maneno ya ufafanuzi. Mwalimu akitaka kurahisisha atasema kloroplasti ni jiko la mmea, na mitokondria ni jiko la seli. Jiko kwa Kiswahili ni mahali pa kupikia chakula, na pia ni chombo cha kuchomea makaa. Neno moja limebeba kazi mbili zinazopingana: kloroplasti hutumia mwanga kuunda sukari, mitokondria huivunja sukari ili kutoa nishati. Isitoshe, mwanafunzi atadhani kila kiumbe kina jiko lake moja. Kweli ni kwamba mgunga ulio kando ya mto Tarach, ambao Waturkana huuita ewoi, una oganeli zote mbili katika majani yake, na usiku huendelea kupumua kama mbuzi aliyelala chini yake. Mbuzi ana mitokondria tu.

Hapa maneno ya mkopo yanaonyesha faida yake. "Mitokondria" haimdanganyi mtu, kwa sababu haimwambii neno. Tena mwanafunzi aliyeanza masomo kwa Kifaransa mashariki ya Kongo atalitambua mara moja. Ila neno lisilodanganya halifundishi pia. Bila maelezo ya kazi yake litabaki sauti ya kukariri.

Kwa hiyo asili ya neno si hoja ya mwisho. Neno la nyumbani huja na picha, na picha hiyo sharti ichunguzwe. Neno la kigeni huja tupu, na sharti lijazwe. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ilithibitisha kwamba majina yanaweza kupatikana. Kazi iliyobaki ni ya wanaisimu na walimu wa sayansi wakiwa pamoja: kulipeleka kila jina darasani, hata Kakuma, na kumwuliza mwanafunzi ameona nini alipolisikia.