Mlango wa Jamie

Waandishi wenzangu, hii tamthilia ya Kiingereza iitwayo Adolescence nimeitazama mara mbili. Nilirushiwa kwenye flashi na jirani, nikaimaliza usiku mmoja, maana ni sehemu nne tu. Ilitoka Machi 2025. Jamie, mvulana wa miaka 13, anakamatwa alfajiri kwa kumuua msichana wa shuleni kwao.

Wengi wameisifu kamera, kwamba kila sehemu imepigwa mfululizo bila kukata. Kwenye kamera sina neno. Mimi nina ugomvi na sehemu ya nne.

Pale wazazi wameketi chumbani wanaulizana wamekosea wapi. Baba, Eddie, ni fundi bomba. Utotoni alichapwa vibaya na babake, akaapa hatamfanyia mwanawe hivyo, na kweli hakumfanyia. Mama anakumbuka taa ya chumba cha mtoto ilivyokuwa ikiwaka hadi saa saba usiku. Anabisha, taa inazimwa, basi. Si mtoto yuko ndani? Walidhani yuko salama.

Nakiri nililia. Mara ya pili nikakasirika. Hebu hesabu waliosimama mbele ya kamera: polisi, walimu, mwanasaikolojia, wazazi. Wote wanaulizwa. Lakini wale waliomfundisha Jamie kuwachukia wasichana, na kampuni zinazosambaza mafundisho hayo, hawana sura. Kuna mahali Eddie anasema alikuwa akitafuta mambo ya mazoezi kwenye simu, mara akaibuka mtu wa kumfundisha namna ya kuwatendea wanawake. Maneno mawili matatu, yamepita. Mwisho anayebaki kuomba radhi ni fundi bomba, tena anamwomba dubu wa kitambaa wa mwanawe.

Mtasema asiye na sura haandikiki. Nakataa. Mwaka 2022 huko London palifanyika uchunguzi wa kifo cha Molly Russell, binti wa miaka 14 aliyefariki 2017. Maofisa wa Meta na Pinterest waliitwa, wakaonyeshwa mambo yaliyokuwa yakimfikia binti yule simuni, wakatakiwa kuyatolea maelezo. Mchunguzi akaamua kwamba yale mambo yalichangia kifo chake. Babake, Ian Russell, hakuishia kujilaumu. Alikuwa mmoja wa walioipigania sheria ya usalama mtandaoni, ikapitishwa Uingereza mwaka 2023. Ile nayo si tamthilia jamani? Kuna chumba, kuna watu, kuna maswali.

Mwenzangu mmoja tunayesomeana miswada alinicheka. "Sheria haimlei mtoto, kaka. Mzazi anyang'anye simu, yaishe." Sikumjibu vizuri siku ile.

Jibu langu liko nyumbani. Sisi hatuna habari ya mtoto kujifungia chumbani kwake. Tunalala watatu chumba kimoja, mlango wenyewe hauna kitasa. Mdogo wangu wa kidato cha pili anaingia na simu ndani ya shuka, sikio langu lipo pale pale, na sijui anaangalia nini. Nikimwuliza, "Mpira tu, bro." Juzi alikaa siku tatu hataki kula wala kusema. Mama akamnyang'anya simu wiki nzima. Alipomrudishia, nilimwona anavyoifungua, na yale yaliyokuwa yakimsubiri mama asingeyaelewa hata akiyashika mkononi. Mimi mwenyewe niliyaelewa nusu.

Ndiyo maana nasema watunzi wa Adolescence wamewabebesha wazazi mzigo wa watu wawili. Nasema hivyo nikiwa na kosa lile lile. Kwenye riwaya yangu kijana anaharibikiwa, na mimi nilimpa baba mlevi, kwa sababu walevi wanaandikika upesi. Sura ya saba nimeichana. Sasa namtaka mtu wa kampuni aingie ndani ya kile chumba, ila kila nikimwandika anatoka shetani wa sinema, mwenye suti na kicheko. Aliyeliweza hilo aje na mswada wake tuusome.