Matoleo Matano ya Kwanza ya Kamala Khan

Katuni za mashujaa wa Kimarekani hutoka kwa haraka. Toleo moja kwa mwezi, kurasa ishirini na ushei, na msomaji asiponaswa mapema mwezi ujao haonekani dukani. Ndiyo maana matoleo mengi ya kwanza hufunguka kwa majengo kuporomoka na watu kurushwa hewani. Mimi nikishika mfululizo mpya huangalia mwandishi anazitumiaje kurasa zake kabla ya ngumi ya kwanza kurushwa. Kwa kipimo hicho, matoleo matano ya mwanzo ya Ms. Marvel, yaliyoanza kutoka Februari 2014, bado nayarudia kwa heshima kubwa.

Mwandishi ni G. Willow Wilson, mchoraji Adrian Alphona, rangi ni za Ian Herring. Shujaa wao, Kamala Khan, ana miaka 16, ni Mwislamu, wazazi wake wametoka Pakistani, na kwao ni Jersey City, ng'ambo tu ya mto kutoka New York. Tunamkuta dukani, ameinamia mkate wenye nyama ya nguruwe, akivuta harufu yake kwa macho ya tamaa, asiule. Kwa tukio hilo dogo tumeshajua imani yake, hamu yake na mpaka aliojiwekea, na hakuna aliyetusimulia.

Mara anaingia Zoe, msichana anayependwa na wote pale shuleni. Anaisifia hijabu ya Nakia, rafiki yake Kamala, kisha kwa sauti ya huruma anauliza kama kuna aliyemlazimisha kuivaa. Angalieni Wilson anavyomtunza huyu Zoe. Hamfanyi jambazi. Anamwachia tabasamu lake, lile linaloumiza kuliko tusi, kwa sababu atamhitaji baadaye.

Mwaka 1962 Stan Lee na Steve Ditko waliisimulia asili yote ya Spider-Man kwa kurasa 11: buibui, nguvu, kiburi, kifo cha mjomba. Ule ni ufundi wa kubana, nao una uzito wake. Wilson amekwenda kinyume, na njia yake inataka moyo mgumu zaidi. Toleo lake la kwanza karibu lote linapita nyumbani, mezani, na kwenye sherehe ambayo baba amemkataza binti yake kwenda. Anatoroka kupitia dirishani. Ukungu wa ajabu unamkuta njiani usiku, na katika njozi anatokewa na Captain Marvel aliyezungukwa na ndege, akighani kwa Kiurdu shairi la Amir Khusrau. Mabadiliko yenyewe tunayaona mwishoni kabisa. Kamala aliomba awe kama Captain Marvel, yaani Carol Danvers, na ndivyo anavyozinduka: nywele za dhahabu, buti ndefu, mapaja wazi.

Toleo la pili ndilo lililonishinda nguvu. Zoe anatumbukia mtoni. Kamala, akiwa bado na sura ya Carol, anakumbuka aya ya Qur'ani ambayo baba yake huitaja kila anapoona maafa kwenye televisheni, ile inayosema juu ya kuokoa nafsi moja. Hapo mkono wake unavimba, unakuwa mkubwa kama mtumbwi, na kumchota Zoe majini. Alphona angeweza kuuchora mkono huo kwa misuli ya kutisha. Ameuchora laini, wa kitoto kidogo, umezidi mwili unaoubeba, na kwa hiyo unachekesha na kusisimua kwa wakati mmoja. Rangi za Herring zimepoa, hazipigi kelele, jicho linapata muda wa kuzunguka. Nayo mandhari ya Alphona inastahili mzunguko huo: vibandiko, mabango na pakiti za vyakula vimejaa utani ambao msomaji wa haraka ataupita.

Baada ya uokoaji, Kamala hajisikii mshindi. Buti zinambana, vazi linamwingia pasipotakiwa, nywele zinamziba macho. Kila anachokitamani kinamkera mwilini, na Wilson anaacha kero hiyo ifanye kazi ya hotuba nzima.

Kasoro ipo. Adui mkuu, Inventor, kwa matoleo haya ni jina na kivuli tu, na wahuni wake hawatishi sana. Kwa mfululizo mwingine ningeona ni dosari kubwa. Hapa pambano zito linatokea ndani ya Kamala, na linafika kileleni kwa mantiki ya ajabu: anapigwa risasi mwishoni mwa toleo la tatu, kisha katika la nne anagundua kwamba jeraha limepona aliporudia umbo lake mwenyewe. Nguvu imepewa sheria, na sheria hiyo imetoka kwenye tabia ya mhusika. Vazi lake la kishujaa analitengeneza kutokana na burkini iliyokuwa kabatini, analichora umeme kifuani, na kwa mara ya kwanza anaonekana anaweza kukimbia bila kujivutavuta nguo.

Mwaka 2015 juzuu lililokusanya matoleo haya lilipata Tuzo ya Hugo kwa hadithi ya picha. Kwangu, hukumu ilikuwa imeshapita pale mtoni, katika toleo la pili.