Sikio la Fundi Redio

Redio ya CD tatu huanza kufa kwenye trei. Spika bado zinavuma na taa bado zinacheza, lakini ukibonyeza kitufe, trei inatoka nusu, inasita, inarudi ndani ikisaga meno. Redio za namna hii bado ziko kwenye sebule za Kibosho, Uru na Marangu. Nyingi zilipanda mlimani Desemba fulani, kwenye buti la gari la kijana aliyerudi kula Krismasi kwao. Ndiyo maana hazitupwi.

Huku mjini Moshi napenda kuwatazama mafundi ambao hawakimbilii bisibisi. Fundi wa aina hiyo huchomeka redio, hubonyeza, kisha huinamisha kichwa. Mlio mwembamba ni wa mpira unaoteleza, ule mkanda mdogo unaopeleka nguvu ya mota kwenye gia. Joto na umri vimeulegeza. Kra-kra-kra inayosikika trei ikiwa imeshafika mwisho ni kesi nyingine kabisa: swichi inayopaswa kuiambia mota “basi” imeshika uchafu, mota inaendelea kusukuma, gia zinarukana meno. Ikikwaruza pale CD inapozunguka tu, trei inasingiziwa. CD haijakaa sawa kwenye kitako chake, inagusa plastiki. Kisahani chenye unene wa milimita 1.2, kinachozunguka kama mara 500 kwa dakika wimbo wa kwanza unapoanza, hakina nafasi ya kuyumba.

Sony na Philips walipoleta CD sokoni mwaka 1982, sifa zote zilikwenda kwa leza. Kwangu mimi mzigo uko kwenye trei: ndiyo inayokutana na watoto wanaoisukuma kwa kidole, na vumbi la kiangazi, na unyevu wa migombani.

Fundi mwenye papara humimina mafuta ya cherehani, na kelele hukoma, kwa siku hiyo. Mafuta yakifika kwenye mpira, unateleza zaidi. Yakishika vumbi, yanakuwa tope. Mwenye sikio hufuta grisi ya zamani iliyoganda, kwa pamba na spiriti. Husafisha swichi. Huchagua mpira mpya, mfupi kidogo kuliko ule uliotanuka, lakini si wa kubana hadi mota ichoke. Mwisho hupaka grisi kwenye reli na meno, kiasi cha punje ya mchele, na hapo hujizuia asiongeze.

Wahunzi wa Mamba, kule mlimani, wana bahati: mkuki ukitoka motoni, kila mtu anauona. Kazi ya fundi redio ikifanikiwa haionekani wala haisikiki. Mama mmoja wa Uru aliyefuata redio yake alibonyeza, trei ikatoka taratibu, akakunja uso.

“Fundi, mbona haina sauti? Umeipunguza nguvu?”

“Hapana, mama. Weka CD usikie.”

Akaweka, akasikiliza wimbo mzima, akafungua pochi.

“Basi nipunguzie, baba. Maana hata sijaona ulichofanya.”