Nani Ameshika Upawa?



Penye chakula cha hadhara hapakosi watu watatu: mwenye kutoa, mwenye kula, na aliyeshika upawa. Wa kwanza tumezoea kumsifu, na wa pili tumezoea kumhurumia. Huyu wa tatu aghlabu hatumtazami. Unga si wake, kuni si zake, wala njaa si yake. Kazi yake ni kugawa tu. Hata hivyo heshima ya chakula chote imo mkononi mwake. Aweza kulifanya bakuli la uji likawa karamu, na aweza kuifanya biriani ikawa fedheha.

Nayasema haya kwa kuwa nami niliwahi kuushika upawa huo. Mwaka mmoja, katika mwezi wa Ramadhani, nilipewa kazi ya kugawa futari msikitini kwa kufuata orodha ya majina. Akaja mzee mmoja na kibakuli chake. Nikatazama orodha, jina lake sikuliona. Nikamwambia, "Mzee wangu, jina lako halimo humu." Akajibu, "Haidhuru, mwanangu," akageuka akaenda zake. Usiku ule sufuria mbili zilibaki, na asubuhi chakula kilikuwa kimechacha. Sikuiba, sikudanganya, wala sikuvunja amri ya mtu. Nilifuata orodha. Lakini ile "haidhuru" ningali naisikia mpaka leo.

Basi nilipozisoma habari za bustani moja ya jiji la Toronto, nchini Kanada, ambamo watumishi wa jiji wenyewe walishika upawa na kuwapikia watu wa mtaa, nilizisoma kwa moyo wa mtu aliyekwisha kosea katika kazi iyo hiyo. Naomba tuzichambue pamoja, wema wake na ila zake, kwani kusifu bila kupima si insafu, na kulaumu bila kupima ni dhuluma.

Bustani hiyo yaitwa Dufferin Grove, nayo iko upande wa magharibi wa jiji. Mwaka 1995 lilijengwa humo tanuri la kuni la kuokea mikate, na mwaka 2000 likajengwa la pili. Kazi hiyo ilifanywa na wakazi wa mtaa, ajulikanaye zaidi miongoni mwao akiwa mama aitwaye Jutta Mason, wakishirikiana na watumishi wa idara ya bustani na michezo. Mwaka 2002 likaanzishwa soko la wakulima la kila Alhamisi. Watumishi hao, wengi wao vijana walioajiriwa kwa saa chache, walioka mikate, wakapika chakula cha jioni siku za Ijumaa, na wakati wa baridi kali wakauza supu na vitafunio kando ya uwanja wa kuteleza juu ya barafu. Fedha iliyopatikana ilinunua unga na mahitaji mengine, ikasaidia na shughuli za bustani.

Wema wa kwanza ninaouona hapo ni kwamba mlaji hakukaa kitako akingoja kupewa. Zilikuwako siku maalumu za kuoka piza. Watu wa nyumba moja walikuja na vitu vyao vya kuweka juu ya mkate, wakachangia fedha kidogo kwa ajili ya kinyunga na mchuzi wa nyanya, na watoto wakasukuma kinyunga kwa mikono yao wenyewe. Mtumishi wa jiji alisimama mlangoni pa tanuri akilinda moto. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huidhani methali hiyo kuwa ni ya kumfukuza mgeni, lakini mimi naiona kuwa ni ya kumkirimu. Anayepewa jembe amekwisha hesabiwa kuwa ni mwenyeji. Mtoto aliyesukuma kinyunga hawezi kuambiwa kwamba amelishwa bure, na mama aliyekuja na vitunguu vyake hana wa kumfanyia masimbulizi. Masimbulizi ndiyo sumu ya sadaka, ndugu msomaji, na dawa yake ni kumpa mlaji nafasi jikoni.

Wema wa pili ni kwamba hapakuulizwa nani ni maskini. Aliyekuwa na haja na asiyekuwa na haja walipanga foleni moja mbele ya tanuri moja. Hapakuwa na orodha.

Sasa tuje kwenye ila. Ya kwanza ni ya fedha na mamlaka. Mwaka 1998 serikali sita za mitaa ziliunganishwa kuwa jiji moja kubwa la Toronto, lenye watu zaidi ya milioni mbili, na mambo mengi yaliyokuwa yakiamuliwa karibu na watu yakahamia katika ofisi za mbali. Bi Mason na wenziwe wameandika kwa miaka mingi wakilalamika kwamba kanuni za kushika fedha, za vibali na za kupanga kazi za watumishi zilitungwa kwa ajili ya jiji zima, zikaibana bustani yao bila kujali yale yaliyokuwa yakifanyika humo.

Hapa yatupasa tuwe waadilifu. Karani anayedai stakabadhi si adui wa watu. Fedha ya umma ni amana, na bakuli la sarafu lililowekwa juu ya meza pasipo hesabu ni mlango wa fitina. Tumeona hata misikitini kwetu jinsi sanduku lisilo na hesabu lilivyowagombanisha ndugu. Moto nao ni moto, na chakula kilichoharibika huua. Kwa hiyo siwalaumu wakuu wa jiji kwa kuwa na kanuni. Ninalowalaumu ni kutunga kanuni ya chungu pasipo kwenda kukitazama chungu. Kuhesabu kila senti ni haki. Lakini si lazima senti hiyo itoke bustanini, izunguke ofisi tatu, ndipo unga upatikane, hali watoto wanangoja. Hesabu yaweza kuwa kali na chungu kikabaki karibu na watu.

Ila ya pili ni ya wenyeji wenyewe, na hii wapenzi wa bustani hiyo hawapendi kuitaja. Soko lao ni hasa la mazao yaliyolimwa bila ya mbolea za viwandani wala dawa za viwandani za kuulia wadudu. Ni jambo jema kwa ardhi na kwa mwili, lakini mazao hayo ni ghali kuliko yale ya dukani. Meza iliyo wazi kwa wote yaweza kufungwa na bei bila ya mtu yeyote kusimama mlangoni. Mtu apitaye akaona bei, akajipapasa mfukoni akaenda zake, naye amesema "haidhuru" yake, ila hakuna aliyemsikia. Anayejisifu kwamba chakula chake huwaunganisha watu na afanye hesabu ya wapitao pia, asihesabu walaji tu.

Upande mwingine wa jiji hilo hilo uko mtaa wa maghorofa uitwao Thorncliffe Park, wanakoishi wahamiaji wengi, na Waislamu kutoka Pakistani, Afghanistani na kwingineko ni wengi miongoni mwao. Mwaka 2008 akina mama wa mtaa huo, wakiongozwa na Bi Sabina Ali, waliunda kamati ya kuitengeneza bustani yao, R.V. Burgess Park. Wakaanzisha soko la siku za Ijumaa, ambapo mama aliyeshona nguo au kupika sambusa nyumbani kwake alipata mahali pa kuuzia. Na mwaka 2013 ikajengwa humo tanduri, yaani tanuri la udongo la kuokea mikate ya naan, iliyotajwa kuwa ya kwanza katika bustani ya umma Amerika ya Kaskazini. Zingatia hapo: tanuri lile la kwanza liliwakaribisha watu waje kula. Hili la pili liliwauliza kwanza wanakula nini. Mama wa Kipakistani hakuhitaji kufundishwa piza ndipo aonekane raia wa jiji.

Huenda msomaji akasema: basi tuzifute kanuni zote, tuwaachie watu moyo wao. La! Tazama historia yetu. Mwaka 1552, Hurrem, mke wa Sultani Sulaimani, aliweka wakfu wa jiko kubwa katika mji wa Baitul Mukaddas, la kulisha maskini wapatao 400 mara mbili kwa siku. Jiko hilo liliajiri watumishi wa mshahara, na hati ya wakfu ilieleza kila jambo: asubuhi supu ya mchele, jioni supu ya bulga, na siku tukufu wali kwa nyama ya kondoo na wali mtamu wa zafarani. Hizo nazo ni kanuni, tena nzito kuliko nyingi za mabaraza ya leo. Lakini aliyeziandika alikuwa akimfikiria mlaji. Alijua kwamba maskini naye ana Idi, akamwandikia zafarani katika hati. Kanuni zetu nyingi za leo humfikiria karani, asije akaulizwa. Jiko la Baitul Mukaddas limeendelea kugawa chakula hata katika zama zetu hizi, zaidi ya miaka 450 baadaye.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiyaone haya kuwa ni mambo ya Kanada tu. Ramadhani itakuja tena, na futari itapikwa mtaani kwako, iwe wapika wanachama wa msikiti au watumishi wa manispaa. Utakapopewa upawa, jiulize mambo matatu. Je, mlaji ana kazi yoyote katika chungu hiki, au amefanywa wa kupokea tu? Je, yuko apitaye akashindwa kuingia, na ni kitu gani kimzuiacho? Na hesabu ninayoishika, yailinda amana, au yanilinda mimi?

Mzee yule sikumwona tena. Nilimuuliza imamu, hakumjua. Nikauliza majirani, hawakumjua. Tangu hapo, kila nigawapo chakula, kwanza naujaza upawa, orodha huisoma baadaye.

Kwa Mwenyezi Mungu ndiko kuliko na taufiki.