Kumjua Fundi wa Kurikava Data

Fundi mzuri wa kurikava data utamjua kabla hajagusa kibodi, kwa maswali yake. Kadi hii ilifomatiwa kwenye kamera au kwenye kompyuta? Lini? Tangu hapo umeandika nini juu yake? Mpiga picha wa harusi aliyefomati kadi kimakosa, akaichomoa na kuihifadhi, amekuja na kazi tofauti kabisa na ya mwenzake aliyeendelea kupiga sherehe ya jioni kwenye kadi ileile ndipo akashtuka. Fundi anayepokea kadi na kutaja bei papo hapo bila kuuliza hayo anabahatisha, na gharama ya kubahatisha kwake ni yako.

Maswali hayo yana sababu. Kufomati kwa haraka, ambako ndiko tunakokutumia wengi, hakuzigusi picha zenyewe. Kwenye kadi ya FAT32 kinachofutwa ni jedwali linaloonyesha kila faili limekaa wapi, pamoja na orodha ya folda ya kwanza. Kwenye diski ya NTFS, Windows huanzisha jedwali jipya na kuliacha la zamani yatima. Ni sawa na ofisi ya ardhi iliyochoma daftari la viwanja: nyumba zimesimama palepale, ila kiwanja chenye nyumba yako sasa kinahesabika kitupu na kinaweza kugawiwa mtu mwingine wakati wowote. Kufomati kamili ni habari nyingine. Enzi za Windows XP kulikagua tu sekta mbovu. Kuanzia Windows Vista kunajaza sifuri diski nzima. Fundi anayeijua tofauti hiyo atakuambia ukweli mapema, tena bure.

Kigezo ambacho mimi sikilegezi hata kidogo ni nakala. Fundi mwenye mkono safi hafanyi kazi juu ya diski ya mteja. Anainakili yote, sekta kwa sekta, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu, kisha anaiweka kando na kuhangaika na nakala. Kwa diski inayoanza kuchoka, angalia kama anatumia kitu cha aina ya ddrescue, programu ya bure ya Antonio Diaz Diaz. Hiyo husoma kwanza maeneo mazima, huruka yanayogoma, huweka kumbukumbu ya ilipofikia, halafu hurudi kuyabembeleza yale magumu mwishoni. Ukimwona anaendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, kwa amri ya kurekebisha moja kwa moja kwenye diski yako, mzuie, kwa sababu kurekebisha ni kuandika. Akisakinisha programu ya kurikava ndani ya diski hiyohiyo, au akasevu humo alichokipata, chukua mali yako uondoke.

Na diski inayogonga tak-tak haitaki programu yoyote. Vichwa vyake vya kusomea huelea nanomita chache tu juu ya sahani, kwa hiyo punje moja ya vumbi ni jiwe. Kuifungua kwenye meza ya dukani, feni ikipuliza, ni kuizika.

Sasa matokeo. Usipumbazwe na hesabu. “Tumepata faili elfu kumi na nne” ni sentensi isiyo na thamani mpaka uyafungue. Njia ni mbili. Ya kwanza hufuata mabaki ya jedwali la zamani, na majina, tarehe na folda hurudi. Ya pili hulipuuza jedwali na kusaka alama za mwanzo wa faili: JPEG huanza na FF D8 FF, PDF huanza na %PDF, na ndivyo inavyofanya PhotoRec ya Christophe Grenier. Njia hii inasaidia sana, lakini majina hupotea, na faili lililotawanyika vipandevipande hutoka limevunjika. Fundi hodari huanza na ya kwanza, kisha huokota masalia kwa ya pili. Diski ya NTFS iliyofomatiwa kwa haraka na haijaandikwa kitu, ukirudishiwa rundo la majina ya namba tupu, jua mtu alipita njia ya mkato.

Kwenye picha kuna mtego ambao wengi hawaujui. JPEG ya kamera hubeba ndani yake kijipicha kidogo, mara nyingi cha pikseli 160 kwa 120. Kwanza, programu inaweza kukihesabu hicho kama picha kamili na kuvimbisha idadi. Pili, kwa kuwa kimekaa mwanzoni mwa faili, folda inaweza kukuonyesha bibi harusi anayetabasamu vizuri kabisa ilhali picha yenyewe, ukiifungua, nusu ya chini ni kijivu au imechanganyika na ya mtu mwingine. Kwa hiyo panga kwa ukubwa, fungua kwa upana wote, na macho yaende kwanza kwenye pembe ya chini kulia.

Video ndiyo inayowatenganisha mafundi. Faili la MP4 huwa na faharasa yake, na kamera nyingi huiandika mwishoni, kurekodi kunapokoma. Faili likiwa refu na limekatikakatika, kupata mwanzo wake tu hakusaidii, halifunguki. Aliyebobea atakuomba video nzima nyingine iliyopigwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile, aitumie kama kielelezo cha kuijenga upya. Ombi hilo dogo kwangu lina uzito kuliko cheti ukutani. Ukikabidhiwa, ruka mpaka katikati na mwisho, usitazame sekunde kumi za mwanzo na kulipa.

Kipo pia kipaji cha kukataa kazi. SSD ya ndani iliyofomatiwa na Windows 7 au ya baadaye kwa kawaida imeshapokea amri ya TRIM, inayoiambia kuwa data ya zamani haihitajiki tena, na ukiisoma inakujibu sifuri. Simu ya kisasa ya Android iliyorudishwa kwenye hali ya kiwandani imepoteza funguo za usimbaji, na bila funguo hizo kilichobaki ni takataka. Data iliyokwisha kufunikwa na data mpya kwenye diski za leo hairudi. Makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996 kuhusu kusoma data iliyofunikwa ilizungumzia diski za zama nyingine, ingawa wapo wanaoitaja bado ili kuuza matumaini.

“Hakuna data, hakuna malipo” ni sharti zuri, nalipenda, ila lina thamani iwapo tu unaonyeshwa mafaili yakifunguka kabla ya kutoa pesa. Anayekuthibitishia uwezo wake kwa kukuonyesha picha za mteja mwingine atawaonyesha wengine za kwako. Mwenye adabu ya kazi hukurudishia kifaa chako kama kilivyokuja, akakukabidhi matokeo kwenye diski nyingine, na akakutajia tarehe atakayoifuta nakala aliyobaki nayo.