Mchoraji wa Njia za Kisahani

Gofu ya visahani huchezwa kwa kurusha kisahani cha plastiki hadi kiingie kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Anayemaliza mashimo yote, yaani vikapu vyote, kwa kawaida 18, kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Kikapu hicho kilibuniwa na Mmarekani Ed Headrick, ambaye pia mwaka 1975 alichora uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, California.

Uchoraji wa viwanja hivi ni ufundi wa hali ya juu, ingawa haukati nyasi wala haumwagi mchanga kama ule wa gofu ya kawaida. Mchoraji hana malighafi ila alichokikuta: mti, mteremko, jiwe, upepo. Ardhi ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, ingempima kwelikweli.

Kwanza hewa. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Kisahani hakibebwi vizuri. Kinaanza kukata kona na kushuka mapema. Njia iliyopimwa pwani ikihamishiwa Kitale vilevile ilivyo, haitachezeka sawasawa.

Miti nayo ina haki yake. Kisahani kinachogonga gome mahali pamoja kila siku hulichubua mpaka mti utoe utomvu, na nyayo za wachezaji hushindilia udongo juu ya mizizi. Msitu wa asili ulio kwenye Makumbusho ya Kitale, kwa mfano, mchoraji mwenye busara angeupita akaenda kutafuta mikaratusi ya kupandwa.

Bungoma ina majabali ya Sang'alo, ambayo mchoraji yeyote angeyatamani. Ina miwa pia, na kisahani kikizama ndani ya miwa iliyokomaa, kukipata ni bahati. Tatizo kubwa zaidi ni nafasi. Mashimo 18 hutaka ekari 20 hivi, na mashamba yamegawanywa vipande vipande kwa urithi. Panapobaki wazi, watoto hukatiza wakienda shule na ng'ombe hupitishwa kwenda mtoni. Kisahani kina uzito wa gramu 170 hivi na ukingo mgumu. Hakuna njia ya mrusho inayostahili kuvuka njia ya watu, hata ikiwa nzuri namna gani.

Halafu mvua. Mahali pa kurushia palipoonekana imara Januari huwa utelezi mtupu Mei, na goti la mchezaji ndilo hulipa. Ndiyo maana ardhi hutembelewa kiangazi na masika, asubuhi na alasiri.

Matembezi hayo ndiyo kazi yenyewe, lakini ndiyo yasiyolipwa. Viwanja vingi duniani huchezwa bure, na vingi vimechorwa na watu wa kujitolea. Anayetaka uwanja wa namna hii Kitale au Bungoma, na amlipe mchoraji siku zake za kutembea kabla hajanunua kikapu cha kwanza.