Nguzo Kabla ya Mchoro
Kilichoiangusha Kemper, mtambo wa kugeuza makaa kuwa gesi ya kuzalisha umeme, si kemia. Nalitanguliza hili kwa sababu bado wapo wanaoilaumu lignaiti, makaa duni ya Mississippi: maji tele, majivu yanaganda. Lignaiti ndivyo ilivyo, na kila aliyehusika na mradi alilijua hilo. Kosa ni la 2010, pale Mississippi Power, kampuni tanzu ya Southern Company, ilipoanza kujenga mtambo wa megawati 582 wakati michoro ya uhandisi ingali mbali kukamilika.

Hapo tukae kidogo. Gasifaya ya TRIG, yaani tanuri la kugeuza makaa kuwa gesi, ilikuwa imejaribiwa Wilsonville, Alabama, kwenye mtambo mdogo, na ilijitahidi. Kilichotakiwa kufuata ni mtambo wa ukubwa wa kati. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kwamba ukizidisha vipimo vya tanuri mara mbili kila upande, eneo la kuta huongezeka mara nne lakini ujazo mara nane. Joto lililokuwa likipotea ukutani halipotei tena kwa kiwango kile. Majivu ya moto yanayozungushwa ndani ya mabomba hubadili tabia, na pale yalipokuwa yakiteleza yanaweza kushikana mabonge. Tabia hizo hazionekani zote kwenye kompyuta. Unajenga cha wastani, kinakuharibikia, unajenga tena. Wao wakaruka hadi gasifaya mbili za kibiashara, mafundi wakifunga mabomba huku ofisini michoro ikiendelea. Bomba likihamishwa, nguzo zinazolibeba nazo zinahamishwa, na bili inapanda. Makadirio ya chini ya dola bilioni 3 yakaishia takriban bilioni 7.5.

Namkumbuka Carl Bosch, mhandisi wa kampuni ya kemikali ya BASF. Mkemia Haber alipoonyesha amonia ikidondoka kwenye kifaa chake cha maabara mwaka 1909, BASF hawakukimbilia kumwaga zege. Mwenzake Bosch, Mittasch, alipima maelfu ya vichocheo katika vitanuri vidogo. Mitungi ya majaribio ilipopasuka, Bosch alikichunguza chuma chake, akakuta haidrojeni inaila kaboni iliyomo. Akaweka bitana ya chuma laini kwa ndani, akatoboa matundu kwenye ganda la nje ili haidrojeni iliyopenya ipate pa kutokea. Kiwanda cha Oppau kikaanza kuzalisha 1913. Miaka minne tu, na kila hatua ilikanyagwa. Kemper walitumia saba.

Huko Kemper, unasaji wa hewa ya ukaa kwa kiyeyusho cha Selexol ulifanya kazi yake. Ila hewa hiyo ilikusudiwa kusukuma mafuta zaidi kutoka ardhini, na huo siuiti ulinzi wa mazingira hata nikibembelezwa.

Turbini zilianza kuzalisha umeme kibiashara 2014 kwa gesi asilia, gasifaya zikisubiriwa. Juni 2017 kazi ya makaa ikasimamishwa. Oktoba 2021 gasifaya zikaangushwa kwa baruti. Na haraka ya nini? Kubwa mojawapo ilikuwa nafuu ya kodi ya serikali kuu, dola milioni 133, kwa sharti mtambo uwe unafanya kazi ifikapo Mei 2014. Mei ikafika, gasifaya hazijatoa gesi hata kidogo, na nafuu hiyo ikapotea.